Twende Ukerewe Tukalinganishe Shule

Watu wengi wakitaka kujua shule ipi ni nzuri huuliza swali moja tu: "Mwaka huu wamefaulisha kwa asilimia ngapi?" Wakijibiwa, mazungumzo yamekwisha. Shule yenye asilimia kubwa inasifiwa. Shule yenye asilimia ndogo inasemwa vibaya. Walimu wake wanaitwa wavivu, na wazazi wenye uwezo wanaanza kuwahamisha watoto wao.

Leo tunakuomba ufuatane nasi mpaka wilaya ya Ukerewe, mkoa wa Mwanza. Tumeichagua kwa sababu ni wilaya moja, yenye mkurugenzi mmoja na ofisi moja ya elimu, lakini shule zake za msingi haziko katika hali moja hata kidogo. Ukiwa unakaa Masasi, Kondoa au Mpanda, usiseme habari hizi hazikuhusu. Utakayoyaona huko yatakusaidia kuitazama shule ya kijijini kwako.

WILAYA ILIYO MAJINI

Ukerewe imezungukwa na maji ya Ziwa Victoria. Wilaya ina visiwa 38. Katika hivyo, visiwa 15 vina wenyeji wanaokaa siku zote. Vilivyobaki ni vya wavuvi wanaokuja na kuondoka. Ukubwa wa wilaya ni kilomita za mraba 6,400, lakini nchi kavu ni kama 640 tu. Maana yake, ukiigawa wilaya mafungu kumi, mafungu tisa ni maji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 345,147. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa watu wamezidi 380,000.

Njia za kufika ni mbili. Unaweza kupanda meli Mwanza mjini ukashuka Nansio, makao makuu ya wilaya, baada ya saa tatu au zaidi. Au unaweza kupita nchi kavu kwa njia ya Bunda mpaka Kisorya, ukavuka kwa kivuko hadi Rugezi, kisha ukaendelea kwa gari. Shika jambo hili la maji, ndugu msomaji, maana tutakutana nalo katika kila shule.

Wazee wanaosoma gazeti hili wanalijua jina la Ukerewe kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO ulianza, makao yake yakiwa Mwanza. Mwaka 1971 Ukerewe ilikuwa moja ya wilaya sita zilizochaguliwa kwanza katika vita vya kufuta ujinga. Nyingine miongoni mwake ilikuwa Mafia, ambayo nayo ni kisiwa. Babu na bibi wengi walishika kalamu kwa mara ya kwanza miaka ile. Walisoma katika vitabu vilivyosema habari za pamba, uvuvi, ng'ombe na ndizi. Basi, tukizungumza shule huko, tunazungumza na watu wanaojua thamani ya kusoma.

SHULE ZA KARIBU NA NANSIO

Tuanze na kisiwa kikubwa chenyewe. Ukitoka Nansio utapita Bukindo, yalipokuwa makao ya mtemi wa Wakerewe. Mbele utafika Kagunguli, ambapo misheni ya Kikatoliki ni ya siku nyingi. Murutunguru pana chuo cha ualimu. Njiani utaona mihogo, viazi vitamu na michungwa. Machungwa ya Ukerewe ni matamu, na ukiwa na nafasi mfukoni usiyapite.

Katika sehemu nyingi za nchi yetu shule za zamani zilijengwa palipokuwa na misheni, baraza la mtemi au soko la mazao. Hazikugawanywa kwa kuhesabu watoto. Mwaka 1969 sheria iliziweka shule za madhehebu chini ya Serikali. Mwaka 1977 mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza, na vijiji vikafyatua matofali. Hapo ndipo vijiji vingi vilivyokuwa nyuma vilipopata shule. Lakini shule iliyotangulia miaka hamsini huwa na mambo ambayo shule changa haina. Ina miti mikubwa, uwanja mpana, na wazee waliosoma hapo ambao wakiitwa kwenye kikao wanakuja.

Shule za kando ya barabara hii zina bahati moja kubwa: mwalimu anakubali kukaa. Akiugua, hospitali ipo Nansio. Mke wake au mume wake anaweza kupata kazi au kufungua duka. Mwalimu mkuu akiitwa kwenye kikao wilayani anakwenda asubuhi kwa baiskeli au pikipiki, na mchana amerudi.

Shida yao ni msongamano. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa malipo mengine, na kuanzia Januari 2016 watoto waliandikishwa kwa wingi mno. Lilikuwa jambo jema, lakini vyumba havikuongezeka kwa mwendo huo. Utaratibu unataka darasa liwe na watoto 45. Katika shule za miji midogo na za barabarani idadi hiyo hupita mbali. Shule inagawa mikondo, na mikondo ikizidi vyumba inaweka zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana. Mtoto anayeketi nyuma haoni ubao. Mwalimu anayekusanya madaftari ya watoto mia hawezi kuyasahihisha yote siku hiyo, hata akikesha.

Kwa hiyo usidhani shule ya mjini imekamilika. Ina walimu, lakini haina nafasi.

KISIWA CHA UKARA

Sasa tuondoke. Kutoka Nansio tunakwenda kaskazini mpaka Bugolora. Hapo tunasubiri kivuko cha kwenda Bwisya, katika kisiwa cha Ukara.

Huwezi kupita hapa bila kukumbuka tarehe 20 Septemba 2018. Siku hiyo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa Bwisya. Kivuko kilikuwa cha watu 101, na kilibeba zaidi sana ya hapo. Ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 220 walikufa. Baadaye Serikali ilileta kivuko kipya, MV Ukara II. Tunalitaja jambo hili si kwa kuamsha majonzi. Tunataka ujue kwamba mwalimu anayepangiwa kazi Ukara, na mama yake anayemuaga, wanaikumbuka siku hiyo. Barua ya kupangiwa kituo haisemi habari za mawimbi, lakini mwalimu anayafikiria.

Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi sana na mawe mengi. Wakara ni wakulima hodari. Tangu zamani wanafunga ng'ombe zizini, wanawakatia majani, na samadi wanaipeleka shambani. Wanalima uwele, mihogo na njugumawe, wala hawaiachi ardhi ipumzike miaka mingi kama wafanyavyo wengine. Wataalamu wa kilimo kutoka nchi nyingi wamekuja kujifunza kwao. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na hata mti una mwenyewe.

Katika mahali pa namna hiyo, kijiji kikitaka kuongeza vyumba vya madarasa, swali la kwanza si saruji. Swali la kwanza ni: tutajenga shambani kwa nani? Ekari moja inayotolewa kwa shule ni chakula cha jamaa fulani. Nalo swali la pili ni choo. Utaratibu unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Kwenye mwamba shimo halichimbiki. Kwenye mchanga wa ufukweni linachimbika, lakini linabomoka kama halikujengewa. Gharama ya choo kimoja mahali kama hapa inaweza kupita gharama ya choo cha namna hiyo hiyo kwenye udongo mzuri wa kisiwa kikubwa. Lakini kwenye taarifa shule zote zinaandikwa safu moja: "Matundu ya vyoo, pungufu."

Wasichana wakubwa ndio wanaoumia zaidi. Msichana wa darasa la sita au la saba asiyekuwa na choo cha faragha hukaa nyumbani siku zake za mwezi. Mkagua daftari asiyeuliza atamwandika mtoro.

VISIWA VYA WAVUVI

Twende mbali zaidi. Kuna visiwa kama Irugwa na vingine vidogo zaidi ambavyo tunavifikia kwa mitumbwi ya injini. Huko shule inasikiliza mwezi kuliko kalenda.

Huenda umeshangaa. Tueleze. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za jua. Dagaa wanaifuata nuru, na wavuvi wanawazungushia nyavu. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazina nguvu, kwa hiyo mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Usiku wa giza ukirudi, kazi inarudi. Mitumbwi inafika mwaloni alfajiri, na dagaa lazima waanikwe mapema, kwenye mchanga, kwenye mawe au kwenye vichanja. Mikono mingi inahitajika. Mikono ya watoto ni rahisi kuipata, na malipo ni ya papo hapo.

Chukua daftari la mahudhurio la shule ya mwaloni, ukaweka kalenda ya mwezi pembeni. Siku za mbalamwezi mahudhurio hupanda. Siku za giza hushuka, hasa ya wavulana wakubwa. Mwalimu mzoefu anajua hilo. Masomo magumu, kama kugawanya kwa tarakimu mbili au sehemu, anayaweka siku za mbalamwezi. Siku za giza anarudia yaliyopita. Jambo hili halimo katika mwongozo wowote, lakini kwa maoni yetu ni ualimu wa kweli.

Jambo jingine ni kuhama. Dagaa au sangara wakipungua upande huu, wavuvi wanahamia kisiwa kingine, pengine wilaya nyingine kabisa. Mtoto aliyeandikishwa Januari anaondoka Mei bila barua ya uhamisho. Jina lake linabaki kwenye daftari. Shule inaonekana ina watoro wengi, kumbe watoto wengine wanasoma Sengerema au Musoma, na wengine hawasomi popote.

Lakini shule hizi zina jema lake ambalo watu hawalisemi. Katika vijiji vya kisiwa kikubwa mtoto anaanza darasa la kwanza akizungumza Kikerewe au Kijita nyumbani, na Ukara akizungumza Kikara. Kiswahili anakikuta kwa mwalimu. Mwaloni wavuvi wametoka kila upande wa ziwa, na lugha yao ya kuelewana ni Kiswahili. Mtoto wa hapo anakijua kabla hajashika kalamu.

Shule za mwaloni na za kisiwa kikubwa zinafanana katika jambo moja baya: kichocho. Watoto wanachota maji ziwani, wanafua na kuogelea humo, na kichocho cha tumbo kimeenea sana Ukerewe. Dawa hutolewa shuleni. Hivyo mtoto asiyekuwa shuleni siku hiyo anaikosa, ndiye huyo huyo anayeshinda majini. Mzazi akisikia siku ya dawa imetangazwa ampe mtoto chakula kwanza. Dawa ile ikimezwa na tumbo tupu humletea kichefuchefu, na watoto wengine huikimbia mwaka unaofuata.

HESABU INAYODANGANYA

Sasa tuchukue kalamu na karatasi. Mifano ifuatayo tumeitunga ili kueleza hesabu. Haihusu shule yoyote kwa jina.

Shule ya kwanza iliandikisha watoto 100 darasa la kwanza. Baada ya miaka saba, watoto 90 walifanya mtihani wa kumaliza. Waliofaulu walikuwa 72. Asilimia ya kufaulu ni 80.

Shule ya pili nayo iliandikisha watoto 100. Baada ya miaka saba, watoto 40 tu walifanya mtihani. Waliofaulu walikuwa 36. Asilimia ya kufaulu ni 90.

Gazeti la mjini litasema shule ya pili imeishinda ya kwanza. Lakini wewe mzazi uliyepeleka mtoto darasa la kwanza unajua hesabu nyingine. Katika watoto mia wa shule ya kwanza, 72 wamefika. Katika watoto mia wa shule ya pili, 36 wamefika, yaani nusu yake. Wale 60 waliopotea njiani hawakufeli mtihani, kwa hiyo hawaonekani kwenye asilimia. Wapo wapi? Wengine wamehama, kama tulivyosema. Wengine wako kwenye dagaa. Wengine wameolewa.

Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, lilisema halitazitangaza tena shule bora wala wanafunzi bora. Baadhi ya watu walilalamika. Sisi tunaona lilifanya vyema. Kumpanga mtoto wa Nansio na mtoto wa mwaloni kwenye mstari mmoja, kisha kumpigia makofi aliyetangulia, hakuwasaidii wote wawili.

Hesabu ya pili inayodanganya ni ya walimu. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tuchukue shule ya barabarani yenye wanafunzi 900 na walimu 12. Gawanya: kila mwalimu ana wanafunzi 75. Ni upungufu mkubwa. Sasa chukua shule ya kisiwa kidogo yenye wanafunzi 135 na walimu watatu. Gawanya: kila mwalimu ana wanafunzi 45. Ni sawasawa kabisa na kiwango. Ofisini mtu ataona shule ya kisiwani haina tatizo, na walimu wapya watapelekwa kwingine.

Ngoja kwanza. Shule ya kisiwani ina darasa la awali, kisha la kwanza mpaka la saba. Jumla ni madarasa manane. Walimu ni watatu. Kila kipindi madarasa matatu yana mwalimu, na matano hayana. Mwalimu mkuu akiitwa kikao Nansio, huenda siku mbili au tatu zikapita kabla hajarudi, kwa sababu chombo hakiji kila saa na upepo ukichafuka hakuna anayeondoka. Wamebaki walimu wawili kwa madarasa manane. Mmoja akipata homa, amebaki mmoja. Huyo anagonga kengele, anafundisha, anafunga mlango.

Shule za aina hii hazisaidiwi kwa kugawanya namba. Zinasaidiwa kwa kuweka idadi ya chini ya walimu ambayo shule haitashuka chini yake, hata wanafunzi wakiwa wachache. Aidha walimu wanaweza kuunganisha madarasa, kama la kwanza na la pili chumba kimoja, ilimradi wamefundishwa namna ya kufanya hivyo. Kuwaunganisha watoto tu bila kujua njia yake ni kuwachunga.

Hata fedha zina jambo hili hili. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 kiwango cha ruzuku kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilikuwa za vitabu, na 6,000 za kwenda shuleni. Kwa kiwango hicho, shule ya wanafunzi 900 inapata 5,400,000 kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 135 inapata 810,000. Lakini shule zote mbili zinahitaji madaftari ya mahudhurio, chaki, kufuli, na safari za mwalimu mkuu. Tena safari ya huyu wa kisiwani ndiyo ya gharama kubwa.

MWALIMU ATALALA WAPI?

Ukitaka jambo moja la kutazama kabla ya mengine yote, sisi tutakuambia utazame nyumba ya mwalimu. Usianze na ofisi wala uzio.

Katika kijiji cha barabarani mwalimu anapanga chumba. Mwaloni vyumba vya kupanga ni vibanda vya wavuvi, ukuta wa bati au wa turubai, muziki usiku kucha, na kodi hupanda samaki wakiwa wengi. Mwalimu wa kike aliyemaliza chuo juzi anapelekwa kukaa hapo. Je, ni ajabu akiomba uhamisho kabla ya mwaka kuisha? Wilaya inayo chuo cha ualimu Murutunguru, na vijana wanahitimu hapo hapo kisiwani. Upungufu hautokani na kukosa watu waliosoma ualimu. Unatokana na mahali pa kulaza kichwa, maji salama, na njia ya kwenda hospitali usiku.

Vijiji vingi hujenga darasa kwanza, kwa sababu darasa ndilo wageni wanalopigiwa picha. Nyumba ya mwalimu inabaki kwenye msingi, majani yanaota ndani yake. Tunafikiri vijiji vya mbali vingefanya kinyume. Watoto wanaweza kusoma katika chumba kibovu kilichoezekwa nyasi wakiwa na mwalimu mzuri. Katika chumba kizuri kisichokuwa na mwalimu, wanacheza.

KUMHAMISHA MTOTO

Sasa tufike kwenye jambo linalowasumbua wazazi wengi. Mzazi wa kisiwani anaona shule yake ina walimu watatu. Ana dada yake Nansio. Anafikiri: "Nimpeleke mtoto kwa shangazi yake akasome huko." Je, afanye hivyo?

Hatuwezi kumlaumu. Lakini na alipime. Kwanza, huko anakompeleka darasa limejaa. Mtoto aliyekuwa wa 17 darasani kwake anakwenda kuwa wa 90. Pili, mtoto wa miaka minane kwa shangazi anaweza kutunzwa vizuri, na anaweza pia kufanywa mchota maji wa nyumba. Tatu, wanaohamisha watoto ni wale wenye jamaa mjini na nauli mfukoni. Ndio hao hao waliokuwa wanasimama kwenye mkutano na kudai mwalimu. Wakiondoka, shule inabaki na watoto wa wavuvi wanaohamahama na wajane. Idadi inapungua kutoka 135 kuwa 100. Hapo ofisi inagawanya tena kwa 45, na inaona walimu watatu ni wengi.

Kama mtoto yuko darasa la saba na shule haina mwalimu wa hisabati kabisa, mzazi huyo ana haki ya kumwokoa mtoto wake. Kama mtoto yuko la kwanza au la pili, na mwalimu wa madarasa hayo yupo na anajua kufundisha kusoma, afadhali amwache karibu na mama yake. Kusoma, kuandika na kuhesabu hujengwa katika miaka hiyo miwili. Msikilize mwenyewe akisoma jioni. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unaweza kujua kama mtoto anasoma au anakariri. Funika picha kwa kidole, mwambie asome maneno. Kisha mpe maneno mengine, yaliyoandikwa kwenye mfuko wa chumvi au kwenye gazeti hili.

Jambo la vitabu nalo litazame. Uliza shule ina vitabu vingapi vya kiada, na watoto wangapi wanatumia kimoja. Kisha uliza kama kuna kitabu chochote cha hadithi. Ukerewe ndiko alikotoka Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 aliandika kwa Kikerewe kitabu kirefu juu ya maisha ya watu wake, kisha akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilitolewa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Yeye alifariki mwaka 1981. Watu wa ng'ambo wamekisoma kwa Kijerumani, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Mtoto wa Kagunguli naye angestahili kukiona kabatini mwa shule yake.

UKIRUDI KIJIJINI KWAKO

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Shule ina kamati, na wazazi wana wajumbe ndani yake. Mkutano ukiitwa, nenda na daftari dogo na uulize kwa adabu. Mwalimu mkuu si adui. Mara nyingi yeye ndiye anayetamani mtu aulize, ili majibu yaandikwe katika kumbukumbu na yafike wilayani.

Muulize: watoto walioanza darasa la kwanza miaka saba iliyopita walikuwa wangapi, na leo wako wangapi darasa la saba? Waliopungua wamehama na barua, au wametoweka? Usiulize tu walimu ni wangapi. Uliza madarasa mangapi hayakuwa na mwalimu Jumatatu iliyopita saa nne asubuhi. Uliza walimu wanalala wapi. Uliza ruzuku iliyoingia ni kiasi gani, maana inapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo mahali unapoweza kuisoma.

Kisha, ukipata nafasi ya kwenda kijiji cha jirani kwenye msiba, harusi au mnada, uliza maswali hayo hayo juu ya shule yao, na uyaandike majibu katika ukurasa unaofuata wa daftari lile lile. Andika na tarehe. Kama unakaa mwaloni, andika pia kama mwezi ulikuwa mkubwa au ulikuwa giza.